Boti Moja kwa Familia Moja: Mama Apollinarie Akimana Anastaafu

Tarehe 30 Juni 2001 Mama Apollinarie Akimana, mpanga abiria wa gati yetu ndogo iliyo kusini mwa Kalundu, anamaliza kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na tisa. Alianza mwaka 1972, msichana aliyekuwa ametoka tu kumaliza shule ya masista, na leo ana wajukuu. Sherehe itafanyika ndani ya hangari ya mizigo, boti ya asubuhi ikishaondoka, ikiwa bunduki za milimani zimetulia. Kutakuwa na ugali wetu wa bukari, samaki wadogo wa ndagala na soda. Wenye boti wameahidi mbuzi, lakini wenye boti tunawajua.

Wabeba mizigo wenzangu wameniomba niandike karatasi hii kwa sababu waliosoma kuliko mimi wameshavuka ziwa. Mimi ni mtu wa Kasongo. Nilikuja kubeba mizigo hapa kwa msimu mmoja, vita vikafunga njia ya kurudi. Nimefanya kazi na Mama Apo kwa muda wa kutosha kusema nilichokiona, na pale ambapo sikuwepo nimewauliza wazee wa gati.

Kwa mgeni asiyejua kazi ya mpanga abiria: ukifika kwetu unakuta boti tatu na watu watatu wanaovuta mkono wako. Kila mmoja anaapa kwamba yake ndiyo nzuri. Mama Apo hakuwa wa boti yoyote. Alikaa mlangoni mwa gati kwenye kiti chake cha mbao, na kazi yake ilikuwa kumwangalia abiria, kuuliza anaenda wapi na anaenda na nani, kisha kumwonyesha boti inayomfaa na mahali pa kukaa ndani yake. Wafanyabiashara hawakumhitaji sana. Waliomhitaji ni wazazi waliokuwa wanawapandisha watoto majini kwa mara ya kwanza.

Hao aliwaelezea bila haraka. Mapendo ni meli ya chuma. Ina choo, ina vizuizi pembeni, hata biskuti zinauzwa humo, lakini mchana chuma kinawaka na miguu ya watoto inaungua, na nafasi kati ya vyuma vya pembeni inamtosha mtoto wa miaka mitatu kupita. Sifa inakimbia, itafika kabla mtoto hajachoka kuuliza kama tumefika, ila haina paa na abiria wanakaa juu ya mapipa ya mafuta. Tutafika ni ya mbao, ina moteri mbili zinazokohoa kwa zamu, na Kapiteni Pitchou anaongea kuliko moteri zote mbili. Lakini ina turubai, inafuata ufuko, na mtoto akiugua inaweza kusimama Makobola au Mboko akashuka.

Akishaeleza, aliwaingiza watoto ndani ya boti ikiwa bado imefungwa kamba, akawapa chakula humo. Alisema mtoto akikubali kula ndani ya boti, boti imemkubali. Asipokula, familia ingojee boti ya kesho. Wenye boti walimchukia kwa jambo hilo, na abiria walimpenda kwa hilo hilo.

Wazee wanasimulia habari ya mwalimu mmoja wa Kasenga, Mama Olive, aliyefika zamani za amani na watoto sita wenye viatu vipya, wanaenda Kalemie kwa likizo kubwa. Akauliza boti gani ina viti vizuri.

"Watoto wamekula nini asubuhi?" Mama Apo akamwuliza.

"Maharage."

"Basi viti si shida yako, mwalimu. Shida itakuwa ya watakaokaa mbele yenu."

Mwalimu alikasirika, akapanda. Aliporudi kutoka likizo alimletea Mama Apo kitenge, na hawakuongea tena habari ya maharage.

Zilikuwa siku za namna hiyo. Kisha mwaka 1996 vita vya kwanza vikashuka bondeni, na watu wakaja gatini bila likizo. Swali lilikuwa lile lile, boti gani inafaa watoto, ila sasa waliuliza huku wakitazama nyuma.

Ndipo ilipozuka desturi ya kugawa watoto. Hakuna aliyewafundisha watu jambo hilo, kila familia ilifika nalo kichwani. Boti ikizama, walisema, isizame na nyumba nzima. Baba anasimama gatini anawatazama watoto wake na kuwatenga: weye na mama yako Mapendo, weye na minye, baba yako, Sifa, huyu mdogo aende na bibi yake Tutafika. Mama Apo alipanga kama walivyotaka. Kazi yake ilikuwa nafasi za boti, si nyumba za watu.

Boti hazikuzama. Hilo ndilo watu hawakulifikiria. Zilifika zote, lakini kila moja ilifika kwake. Moja ilishushia watu Kigoma, nyingine iligeuzwa ikaishia Baraka, nyingine iliwakimbia wanajeshi mpaka Moba. Vita vilipopoa wazazi wakaanza kurudi gatini mmoja mmoja. Hawakwenda ofisini. Walikuja kwenye kiti cha Mama Apo.

"Mama, mutoto wangu alipanda Sifa. Sifa ilimushusha wapi?"

Marie-Rose, anayeuza ndizi za kuchoma mlangoni kwetu, ni mmoja wao. Hadi leo boti ikitoka kusini anaacha moto wake anaenda kuuliza kama kuna mtu amemwona kijana anayeitwa Irakoze.

Mama Apo aliwasikiliza wote. Hakutoa hotuba. Ila tangu hapo familia ikifika ilikuta ana kanuni mpya: familia moja, boti moja. Anayetaka kugawa watoto wake, mlango wa gati yetu si wake. Aliisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema usivute sigara karibu na mafuta.

Sasa nifike Agosti 1998, kwa sababu siwezi kumuaga mama huyu bila kusema habari ya familia moja iliyotoka kijiji cha Kiringye.

Vita vya pili vilikuwa vimefika. Asubuhi ile tulisikia milio ya bunduki upande wa Kavimvira, na kila iliposikika watu waliokuwa wamekaa juu ya mizigo walisimama wote pamoja. Ndikumana, mkulima wa muhogo, alifika na mke wake Marie-Jeanne na watoto wao wanne. Walikuwa wametembea kutoka bondeni na hawajawahi kugusa maji ya ziwa. Kaka mkubwa wa Ndikumana, Hyacinthe, aliwasindikiza. Yeye hakuwa anavuka. Mama yao mzee alikuwa hawezi kutembea, na Hyacinthe angebaki naye Kasenga kwa shemeji.

Hyacinthe hakuuliza boti gani. Alifika amekwishaamua. Watoto wawili wakubwa alikwishawakalisha ndani ya Sifa juu ya mapipa.

"Hao wawili wanaenda na baba yao," akasema. "Marie-Jeanne na wale wadogo, Mapendo."

"Hapana, baba," Mama Apo akasema. "Wote sita, Tutafika."

"Ile yenye kukohoa?"

"Inakohoa, lakini iko na paa. Na wanajeshi hawaitamani. Mapendo wameizunguka tangu asubuhi, hujawaona?"

Hyacinthe akasogea karibu naye. Ni mtu mrefu. Sisi wabeba mizigo tuliacha kubeba.

"Mama, weye unajua maji. Haujui ukoo wetu. Baba yetu alituacha wawili tu. Minye Mungu hakunipa mutoto. Hawa wanne unaowaona ndio ukoo wote. Boti moja ikizama nao, tumeisha."

"Na isipozama? Hawa wakishushwa Moba na wale Kigoma, nani atawaambia wao ni wa nani?"

"Wanajua."

Mama Apo akainama kwa yule mdogo kabisa, msichana aliyeshika sketi ya mama yake.

"Binti, unaitwa nani?"

"Capi."

"Capi wa nani?"

Mtoto akafikiri. "Wa mama."

"Na kwenu ni wapi?"

"Ni pale," akasema, akaonyesha mzigo wao wa sufuria na magodoro.

Hakuna aliyecheka. Ndikumana alimtazama kaka yake, akasema "Yaya, kaka yangu..." Milio ikasikika tena, karibu zaidi. Pitchou alikuwa ameshafungua kamba moja.

"Mama Apo! Minye naenda! Ukoo mutauzungumzia mbele ya safari!"

Aliyekata shauri ni Marie-Jeanne, ambaye hakuwa amesema neno tangu afike. Alikwenda kwenye Sifa, akawashika wale wawili mkono, akawatoa juu ya mapipa. Mtu wa Sifa akamfokea kwamba mzigo ulikwishapakiwa na hautatoka. Akaacha mzigo. Alipofika kwa Mama Apo aliuliza jambo moja tu, watoto wakae wapi.

"Katikati. Wageuke nchi kavu, wasitazame maji. Huyu mdogo mfunge kiunoni mwako kwa kitenge. Usimfunge kwa boti hata Pitchou akikuambia."

Wakaondoka. Hyacinthe alibaki gatini mpaka turubai lilipopotea, kisha akamgeukia Mama Apo. "Jina lako minye nimelishika," akasema.

Mapendo ilikwenda Kigoma ikarudi. Habari za Sifa zilifika kwamba imefika. Habari za Tutafika hazikufika. Mvuvi mmoja alisema ameona mbao zinaelea mbele ya Makobola. Mwingine akasema ni mbao za nyumba. Wiki zikapita.

Hyacinthe alikuja kila asubuhi. Alikaa juu ya pipa tupu mbele ya kiti cha Mama Apo, na salamu yake ilikuwa moja.

"Habari ya ukoo wangu?"

"Bado sijapata, baba."

Basi. Akabaki hapo mpaka mchana. Familia zikifika na Mama Apo akianza kusema kanuni yake, Hyacinthe anawaambia kwa upole, "Muulizeni kwanza wangu aliwapeleka wapi." Wanamtazama yeye, wanamtazama Mama Apo, kisha wanawagawa watoto wao mbele ya macho yake, na wenye boti wanawapokea. Baadhi walianza kumwita mama wa kuzamisha. Wenye boti walimwambia anyamaze au akae nyumbani. Sisi tulitaka kumwondoa Hyacinthe kwa nguvu, na tungeweza, lakini Mama Apo alikataa.

"Mahali pengine pa kuulizia hana," akasema.

Mwenzetu Nizigama akampa shauri amdanganye tu, amwambie wamefika Kigoma wazima, yule bwana alale.

"Atalala. Na kesho akitaka kuwaandikia barua, mimi nitamwambia aandike wapi?"

Mama Apo alikonda. Chakula alichokuja nacho alirudi nacho. Lakini kila familia iliyofika aliiambia kanuni ile ile, kwa sauti ile ile, huku Hyacinthe amekaa mbele yake akimsikiliza. Mimi nimebeba mizigo mizito, na sijaona mtu akibeba kama alivyobeba yule mama majuma yale.

Kisha asubuhi moja Pitchou alitokea kwa miguu kutoka kusini, amevaa shati lisilo lake na ndevu zimemjaa. Kwa mara ya kwanza tangu tumjue hakuwa anaongea. Watu walimzunguka. Hyacinthe alishuka kwenye pipa.

Pitchou akasema moteri ya kwanza ilikufa walipoipita Makobola, na ya pili ikafuata. Upepo uliwasukuma mpaka rasi ya Ubwari. Wavuvi waliwaficha, wakangoja sana mtu wa kuleta kipuri. Mwishoni walivuka. Walikuwa Kigoma, naye alirudi na wavuvi waliomshusha kusini.

"Wote?" Hyacinthe akauliza.

Pitchou alitazama chini. "Ubwari kulikuwa na homa, yaya. Na dawa hakukuwa. Yule mudogo wenu hakuvuka."

"Capi?"

"Capi."

Hyacinthe akamgeukia Mama Apo. Wawili kati yetu tulisogea, kwa sababu Hyacinthe alikuwa amekunja ngumi. Mama Apo hakurudi nyuma. Alisimama hapo hapo, kiti kiko nyuma yake.

Pitchou akasema haraka, "Ngojeni. Mama yake alinituma neno, alinikaririsha mara mbili nisilipoteze. Ni la mama wa gati. Alisema hivi: tulikuwa wote. Baba yake alichimba. Kaka zake walimwaga udongo. Minye nilimfunga kitenge. Hakuna kati yetu atakayeuliza yuko wapi."

Marie-Rose alikuwa amekuja na kisu chake cha ndizi mkononi, akageuka akarudi kwenye moto wake.

Hyacinthe alikaa chini, si kwenye pipa, kwenye saruji. Baadaye akauliza kaburi liko upande gani wa Ubwari. Pitchou akamchorea kwa kidole: ufuko, nyumba za wavuvi, kanisa la nyasi, na nyuma ya kanisa. Hyacinthe alitazama mchoro ule mpaka alipoujua, kisha akaenda zake.

Kuna wanaosema siku ile Mama Apo alishinda. Yeye mwenyewe hajawahi kusema hivyo, na mimi sitamsemea. Mapendo ilifika Kigoma safari ile bila homa na bila kuharibika. Analijua hilo, na sisi tunalijua. Kama angeipeleka familia ile kwenye Mapendo, labda Capi leo angekuwa anasoma. Alichagua boti, na boti ikaharibika. Tangu hapo akieleza boti hakuwahi tena kumwambia mzazi "hii ni nzuri." Alisema, "Hii ndiyo ningepanda na wangu." Kanuni ya familia moja hakuibadilisha.

Kesho yake Hyacinthe alirudi. Tulidhani amekuja na panga. Alikuja akamkuta mama mmoja na watoto watatu wanahangaika na godoro, akalichukua godoro akalipeleka mpaka Sifa ama Mapendo, sikumbuki tena. Siku iliyofuata akabeba tena. Hakuomba kazi, na hakuna aliyempa. Hakumwomba Mama Apo msamaha wala hakumshukuru, na yeye hakudai. Siku moja tu tulimwona amemletea muhogo wa kuchemsha uliofunikwa vizuri, na Mama Apo akala.

Katika miaka hii mitatu, kwa sababu vita bado vinaendelea na ziwa bado linavukwa, wawili hao wamepanga familia nyingi kuliko wakati wowote wa gati hii. Mama Apo alimfundisha kuuliza mtoto amekula nini, kutazama upepo kwenye nguo za watu, kumwambia kapiteni hapana bila kumtukana. Mambo mengine hakumfundisha. Wenye boti walipouliza nani atakaa kwenye kiti chake, alisema jina moja, na kuanzia Jumatatu Hyacinthe ndiye mpanga abiria wetu.

Juma lililopita nilikuwepo alipoijaribu kazi peke yake. Alifika bwana mmoja wa Nyakabere na mke na watoto, akaanza kuwatenga: weye Sifa, weye Mapendo. Hyacinthe akamwambia kanuni. Yule bwana akamjibu kama ambavyo yeye mwenyewe angejibu zamani.

"Na ikizama?"

Mama Apo alikuwa kwenye kiti chake. Sote tulimtazama yeye. Yeye alimtazama Hyacinthe.

Hyacinthe hakumwambia yule bwana kwamba haitazama. Alichuchumaa, akamwuliza mtoto mdogo jina lake, na jina la baba yake, na jina la kijiji. Mtoto alijua la kwake tu. Hyacinthe akasimama.

"Ikizama mutakuwa pamoja," akasema. "Na isipozama mutakuwa pamoja. Minye nimekaa siku nyingi hapa nikingoja wangu, na hilo ndilo nililopewa. Kumbe lilikuwa kubwa."

Mke wa yule bwana akaanza kuwaita watoto.

Mama Apollinarie alisimama, akachukua kikapu chake, akafuta vumbi kwenye kiti kwa kiganja, akaondoka kwenda nyumbani. Ilikuwa bado asubuhi. Katika miaka yote niliyomjua hakuwahi kuondoka gatini kabla ya boti ya mwisho. Hapo ndipo tulipoamini kwamba kweli anastaafu.

Mama Apo, kwa niaba ya wabeba mizigo, makapiteni, Mama Marie-Rose na familia zote zilizopita mbele ya kiti chako, tunakushukuru. Lala mpaka jua lipande. Kula chakula chako kikiwa moto. Maisha yawe mema kwako na kwa wako, na wote wakae karibu nawe.